Kazi mupya na hakuna mutu wa kukufundisha: maswali yenye banatuuliza kila mara

Mi niko mu kenkayeri (duka ya bintu bya kujengea) moja ya hapa Lubumbashi. Nilianzaka ku kesi, fashi ya kupokea feza, leo naangalia depo na njo mi napokea bale benye banaingia. Maswali ni ile ile kila mwaka, ya mutu wa duka, wa biro, wa farmasi, ata wa kampuni ya mine, njo maana nimeyaandika yote fashi moja.

Nilianza kazi juzi na sijue kitu. Ni miye niko mujinga?

Hapana. Soma tena: hapana. Batata betu baliingiaka kazi mu Union Minière, kampuni ya mine ya 1906, na nyuma, toka 1967, mu ile ya serikali yenye ilikamata fashi yake, leo njo Gécamines, kule kulikuwa masomo ya kazi, kijana banamuweka chini ya fundi na anaangalia mikono ya fundi miezi na miezi mbele ya kugusa mashini yeye mwenyewe. Leo kazi nyingi za muji ni duka, depo, biro ya batu ine ao tano. Yule mwenye alijua kazi ameacha vendredi, amebeba mayele yote mu kichwa yake, weye unaingia lundi, unakuta kiti, kaye ya zamani yenye hauelewe maandiko, na shefu mwenye anakuambia "iko mwepesi, utaona". Yeye kwake iko mwepesi kweli, amefanya miaka kumi na tano, amesahau kama naye kuna siku hakujua. Kwa hiyo usijitukane. Kutojua kitu chenye hakuna mutu alikuonyesha haiko bujinga.

Siku ya kwanza nifanye nini kama kila mutu anakimbia na hakuna mwenye ananiangalia?

Jua kwanza majina ya batu, nani anasaini nini, funguo inakaa wapi, choo iko wapi. Usicheke, mi nilikaa siku muzima bila kuenda choo juu niliona haya kuuliza.

Kisha uliza shefu swali moja tu, lakini hii usiiache: "Shefu, jioni utajua na nini kama nimefanya kazi muzuri?" Jibu yake njo kazi yako ya kweli. Shefu moja atakuambia kesi iangukie sawa na faktire. Mwingine atakuambia hataki kuona bakiliya banapanga mulolongo. Mwingine ataanza kufikiri juu ajajiuliza ile swali hata siku moja, na hapo umemusaidia naye. Mutu mupya anachoka juu anataka kujua vyote pamoja, kumbe kuna bintu bibili ao bitatu tu bya lazima wiki ya kwanza, bingine bitakuja.

Naogopa kuuliza kila saa, batasema nasumbua. Niulize nani na namna gani?

Hapa njo batu bengi banaanguka, nitakaa kidogo.

Usiulize shefu maswali madogo madogo, umuwekee yale ya uamuzi. Kwa maswali madogo tafuta mutu wa zamani mwenye hana cheo kikubwa: muzee wa kupakiza, mama wa kupangusa, sentineli. Bale banaona yote. Mu depo yetu kuna papa moja wa kupakiza simenti, hakumaliza shule, lakini anajua kila bintu biko fashi gani, anajua kila munuzi mukubwa na tabia yake, anajua ata siku gani kamio ya bidhaa kutoka Kasumbalesa, ku mupaka, inachelewaka. Mi kazi nilijifunza kwake kuliko ku biro. Na ile ilianzia wapi? Saa sita. Kila mutu alikuwa anakula peke yake, siku moja nikaleta bukari na sombe kwa mbakuli kubwa, nikasema "Papa, karibu tukule", akanawa mikono, tukakula kwanza bila neno ya kazi. Nyuma yake njo nikamuuliza juu ya mabati ya nyumba: "Papa, samahani, hizi manjanja za 28 na za 32, unazijua namna gani bila kusoma karatasi?" Akasimama, akanipeleka, akashika kona ya janja na vidole mbili akaitikisa: "Sikia." Ile ya 32 ni nyepesi, inalia sana, ile ya 28 ni nene, inalia chini. Mpaka leo nafundisha batu na ile sauti.

Mutu mukubwa ukimuheshimu, ukimusalimia asubuyi mbele ya kumuomba kitu, atakufungulia. Ukimuita na kidole kama mutoto, atakuambia "sijue" na anajua.

Namna ya kuuliza nayo inasaidia. Usiseme "nifanye nini?", sema "nawaza kufanya hivi, iko sawa?" Na maswali yenye haina haraka uyakusanye mu karatasi, uyapeleke mara moja, asubuyi mapema ao jioni mukifunga. Ile ya haraka, yenye feza ao mutu anaweza kuumia, uliza palepale, ata shefu eko ku telefoni.

Mu kaye niandike nini?

Usiandike sheria za kampuni, utazisahau. Andika kazi moja moja vile ulifanya, na maneno yako, kwa Kiswahili kama Kifaransa inakuchelewesha. Mufano wa ukurasa mu kaye yangu ya kwanza: "Faktire karatasi tatu. Nyeupe ya kiliya. Ya rangi ya waridi depo. Ya manjano inabaki. Usitoe bintu bila waridi na tampon." Basi. Mistari tano, lakini iliniokoa mara nyingi.

Na mwisho wa kaye weka kurasa ya bei na maneno yenye hauelewe. Mi nilisikia "VOB mbili na nusu" wiki muzima nikifikiri ni jina ya mutu, kumbe ni waya ya umeme, ile namba ni unene wake kwa milimita za mraba. Ukisikia neno mara tatu na hauijue, iandike vile umeisikia, jioni uulize.

Nimekosea na hakuna mutu ameona. Niseme ao ninyamaze?

Sema. Na sema ile ile siku.

Wiki yangu ya pili mutu wa depo aligonjwa. Shefu ananiambia "enda utoe bidhaa", mi mutu wa kesi, hakuna mutu alinionyesha depo ata dakika kumi. Faktire inasema chuma 30 ya 8, ni kusema chuma ya kujengea ya unene wa milimita 8. Mwenye kujua anajua: chuma ya 8 na ya 10 zote ziko na metre 12, zote ziko na kutu, zimelala pamoja chini, kwa macho ya mutu mupya ni kitu kimoja. Nikaonyesha na kidole, vijana bakapakiza. Papa wangu wa kupakiza hakuwa pale ile saa. Kijana moja alisema "mama, leo chuma inaniumiza bega", na mi nikamwambia apakize tu, kiliya anangoya.

Chuma ya 8 ya metre 12 inapima karibu kilo 4.7. Ya 10 inapima karibu kilo 7.4. Fanya hesabu: mara 30, nilitoa karibu kilo 80 ya chuma ya bure.

Jioni nikahesabu, nikaona ya 10 imepunguka na ya 8 iko yote. Nilielewa palepale, miguu ikalegea. Na nikanyamaza. Lundi ile, mardi, mercredi. Silale, sikule muzuri, kila telefoni ya shefu ikilia roho inaruka. Siku ya ine balifanya inventeri na ikatoka. Shefu akapigia kiliya, muashi moja wa Katuba, mutu muzuri kabisa, akasema: "Mama, ungalinipigia lundi jioni, chuma ilikuwa imelala mu parsele yangu, ningalirudisha. Leo tumesha kuimwangia beto."

Nililipa ile tofauti kwa mishahara mitatu. Feza ilipita. Chenye hakikupita haraka ni vile shefu aliniangalia miezi yote ile, si juu ya chuma, juu ya siku tatu za kunyamaza.

Kwa hiyo ukikosea, enda na bintu bitatu mu kinywa: nini ilifanyika, iko wapi sasa, na weye unawaza turekebishe namna gani. "Shefu, nimetoa ya 10 fashi ya 8, kiliya eko Katuba, namba yake njo hii, nimupigie?" Atakasirika, ndiyo. Lakini kuna kitu cha kufanya. Na usianze na "hamukunifundisha", ata kama ni kweli kabisa. Ile utaisema kesho yake, kwa upole: "Shefu, naomba mutu anionyeshe depo saa moja tu, isirudilie."

Baliniweka ku kesi bila kunionyesha feza. Nichunge nini?

Hesabu mbele ya macho ya kiliya, kwa sauti, kila mara, ata kama ni ndugu yako. Dolari uiangalie pande mbili na kona zote, unajua hapa kwetu ikipasuka ata kidogo hakuna mutu ataipokea, na ile hasara inakubakilia weye. Usichanganye franka na dolari mu sanduku moja. Kiwango ya dolari ya siku uiandike asubuyi fashi yenye kila mutu anaona, na ikibadilika mu katikati ya siku uandike saa.

Ku M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money usitoe bidhaa juu kiliya amekuonyesha mesaji ku telefoni yake. Mesaji iingie ku telefoni ya duka, na solde (feza yenye iko ndani) iangaliwe. Mesaji za uongo ziko.

Namba uandike muzuri, moja na saba zinafanana ku haraka. Na kama patro (mwenye kampuni) ametoka kwingine, ujue siye tunasema septante (70) na nonante (90), yeye atasema soixante-quinze (75) na weye utaandika 60 mbele ya kumalizia kumusikiliza. Rudilia namba: "saba tano, ndiyo?"

TVA, kodi yenye inaongezwa ku bei, ni 16 kwa mia. Uliza siku ya kwanza kama bei za ku rafu ziko nayo ndani ao inje, kila duka iko na yake.

Asubuyi usipokee kesi bila kuihesabu na yule anakuachia, muandike, musaini bote babili. Akisema "tuaminiane tu", mujibu na heshima: "Yaya, nakuamini, ni juu yangu, kichwa yangu ingali mupya." Hakuna mutu atakasirika na ile neno.

Mwenzangu wa zamani anakataa kunionyesha, anaficha.

Kuna bengi. Kabla ya kumuchukia jiulize: anaogopa nini? Mara nyingi anawaza balikuleta juu ya kumutosha. Mu muji yenye kazi ni ngumu kupata, ile woga iko na sababu, amelisha batoto na ile mayele. Mwambie wazi kama haukukuja kwa fashi yake. Umusifu mbele ya batu kwa kitu cha kweli. Umufanyie kazi yenye yeye hapendi, kupanga makaratasi ao kuhesabu misumari. Wengine banafunguka nyuma ya mwezi.

Wengine habafunguke. Basi jifunze na macho, uliza bengine, na kama anakuficha kitu chenye kinaangusha kazi, mwambie shefu kitu chenyewe, si mutu: "Sina namba ya kufungulia programu ya stoki, nani anaweza kunipa?"

Patro hajue Kiswahili wala Kifaransa muzuri. Anaonyesha na mikono na anapiga kelele.

Ile kelele mara mingi ni juu luga inamukatalia, si juu anakuchukia, lakini inaumiza na sitakuambia haiumize. Fanya kazi kwanza mbele yake, polepole, umuangalie usoni: akitikisa kichwa unaendelea. Piga foto ya kazi yenye imeisha muzuri, siku ingine umuonyeshe foto na uulize "kama hii?" Jifunze maneno kumi ya luga yake, namba kwanza. Matusi na kukupiga ni kitu kingine, ile haivumiliwe.

Kuna kazi yenye nikatale mpaka banionyeshe?

Ndiyo, na hapa sibembelezi mutu. Mashini ya kukata chuma. Asidi. Umeme, ukiona waya ao unaambiwa uunganishe grupu (jenereta) wakati SNEL, kampuni ya umeme, imekata. Kupanda juu bila kamba. Kuingia mu shimo. Kuendesha elevateri (mashini ya kunyanyua mizigo) ao kamio bila kujua. Ku mine, ukikosa kofia, botini na mutu wa kukuelezea hatari, usiingie.

Neno ya kukatala ni hii: "Shefu, nitafanya, lakini nataka mutu anionyeshe mara moja na anisimamie mara moja." Haujasema hapana, umesema nani akuje. Kama anakulazimisha bado, acha. Kazi unaweza kuitafuta tena. Mukono hapana. Niliona kijana na kigae cha diski mu paji la uso, siku yake ya tatu ku kazi, hakuna mutu alimwambia avae miwani, na miwani ilikuwa imetundikwa ku musumari nyuma yake.

Sheria inasema nini juu ya mutu mupya?

Sheria ya kazi ya Kongo ni namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, baliirekebishaka 2016. Chenye mutu mupya ajue:

Ese, muda wa kukujaribu, kwa mufanya kazi wa mikono mwenye hana ufundi, haipite mwezi 1. Kwa bengine haipite miezi 6. Ata bakiandika zaidi, sheria inairudisha pale. Na ese iandikwe, haisemwe tu na mudomo.

Kontra ikikosa kuandikwa, sheria inaihesabu kama ni kontra isiyo na mwisho, mpaka patro alete ushuhuda wa kinyume. Kwa hiyo chunga kila karatasi yenye jina yako, ata ya kulipwa, ata foto ya orodha ya kazi.

Saa za kazi hazipite 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Bakikubakisha jioni juu ya "kujifunza", andika saa mu kaye.

Ukiambiwa usaini karatasi ya deni juu ya bidhaa yenye imepotea, usisaini ile ile saa. Omba mahesabu ifanywe na batu babili, usome nyumbani. Ikikupita, enda kwa delege (mwenye anasemea bafanya kazi) kama eko, ao ku Inspeksio ya kazi.

Naweza kujifunza inje ya kazi?

Ndiyo. INPP, shirika ya serikali ya masomo ya kazi, iko tangu 1964, kazi yake njo hii, kufundisha batu ufundi, na patro kwa sheria analipaka mchango wake kule. Iko na fashi yake hapa Lubumbashi. Enda uulize masomo ya jioni na bei, na uulize patro kama anaweza kukutuma, wengine habajue kama banalipia kitu chenye habatumie.

Kwa Excel usingoye masomo. Omba dakika kumi na tano ya kompyuta nyuma ya kazi, fungua karatasi ya nakala (usicheze na ile ya kweli!), jifunze kujumlisha safu moja. Kesho ingine.

Nalia mu taksi-bisi nikirudia. Niache?

Pole sana. Nilikuwa pale, ku kiti cha nyuma, naangalia inje juu batu basione.

Usiamue jioni. Jioni ya wiki ya kwanza kila mutu anataka kuacha. Angalia kaye yako: maswali ya wiki hii ni yale yale ya wiki yenye ilipita? Kama yamebadilika, unaendelea mbele ata kama mwili haujaisikia. Kama nyuma ya miezi mibili ao mitatu maswali ni yale yale, umeuliza muzuri, na hakuna mutu anajibu, anza kutafuta kwingine ukingali mu kazi, kimya kimya. Na kama unaombwa kuiba, ao mukubwa anakudai mwili juu ya kukufundisha, usingoye ata siku moja, na mwambie mutu wa kwenu mwenye unaamini. Hauna kosa mu ile.

Nitazoea nyuma ya muda gani?

Mi, miezi mitatu kwa kesi. Kwa depo, mwaka muzima, juu msimu wa jua watu banajenga na simenti inatoka kama maji, msimu wa mvua inarudi nyuma, na ile yote unapashwa kuipitia mara moja ndani yake.

Mi niko wa zamani, mupya anakuja lundi. Nimupokee namna gani?

Asante kwa kuuliza, nimengoya hii swali. Mupe kaye na biki siku ya kwanza. Muonyeshe kitu kimoja, umuache afanye mbele yako, halafu mwambie akuonyeshe weye kama vile weye njo mupya. Mwambie kosa moja yenye ulifanyaka zamani na ilikugarimu nini. Mi namupeleka kwenye chuma, namushikisha ya 8 mu mukono moja na ya 10 mu mukono ingine, macho yamefungwa, mpaka aseme mwenyewe gani ni gani. Halafu saa sita namuita tukule.